Je, Kadi Mbili za Michoro Huzidi Moja?

Pana imani iliyoenea miongoni mwa wanunuzi wa kompyuta kwamba nguvu ya mtambo hujumlishwa kama magunia ya mahindi kwenye mizani: gunia moja kilo mia, magunia mawili kilo mia mbili. Kwa imani hiyo, mtu mwenye kadi moja ya michoro katika kompyuta yake ya mezani, akiongeza ya pili, hutarajia kasi maradufu. Akiongeza ya tatu, hutarajia kasi mara tatu. Ipo na imani ya pili, iliyoshika nguvu katika miaka ya karibuni, isemayo kinyume chake: kwamba habari ya kuunganisha kadi ilikwisha pale watengenezaji walipoacha kuishughulikia, na kwamba atakaye kufanya hesabu kubwa hana budi kukodi mitambo ya ng'ambo na kuilipia kwa dola. Imani zote mbili zina kosa moja. Zinatazama idadi ya kadi, wala hazitazami kazi ambayo kadi hizo hupewa.

Suala hili si la wacheza michezo ya kompyuta peke yao. Idara ya chuo kikuu yenye fungu dogo la fedha, inapotaka kununua mtambo wa utafiti, hukabiliwa na uamuzi huo huo. Na ikikosea, fedha za umma huishia kwenye sanduku linalovuma na kutoa joto pasipo faida. Kwa hiyo yafaa jambo lenyewe lichunguzwe tangu mwanzo wake.

Kadi ya michoro ilibuniwa ili kuchora picha kwenye skrini. Skrini ya kawaida yenye mistari 1,080, kila mstari ukiwa na nukta 1,920, ina nukta zaidi ya milioni mbili. Mchezo unaotaka picha 60 kwa sekunde unadai rangi za nukta zaidi ya milioni 120 zikokotolewe katika kila sekunde hiyo. Kichakataji kikuu cha kompyuta, ambacho ni hodari wa kufuata maagizo magumu moja baada ya jingine, hakikuumbwa kwa kazi ya namna hiyo. Kadi ya michoro ndiyo iliyoumbwa kwayo: ndani yake mna vikokotozi vidogo vingi mno, visivyo na werevu mkubwa, ambavyo hufanya hesabu ile ile kwa wakati mmoja juu ya nukta mbalimbali. Kadi ya Nvidia iitwayo RTX 3090, iliyotoka mwaka 2020, ina vikokotozi 10,496 vya aina hiyo.

Ikiwa nukta hizo zaweza kugawanywa kati ya maelfu ya vikokotozi vilivyomo katika kadi moja, mtu huuliza, kwa nini zisigawanywe kati ya kadi mbili? Hivyo ndivyo walivyofikiri wahandisi wa kampuni ya 3dfx ya Marekani walipotoa kadi yao ya Voodoo2 mwaka 1998. Kadi mbili za aina hiyo ziliunganishwa kwa utepe mfupi wa waya, moja ikachora mistari ya skrini iliyo witiri na nyingine iliyo shufwa. Njia hii ilikuwa nyepesi na ilifanya kazi vizuri. Kadi moja ilikomea kwenye picha ya nukta 800 kwa 600. Mbili pamoja zilifikia 1,024 kwa 768. Hata hivyo, tangu siku hizo ilionekana kasoro ambayo haijaondoka hadi leo. Kila kadi ilihitaji kuwa na nakala yake ya sura na rangi za vitu vyote vilivyochorwa, kwa maana mstari wa tatu na mstari wa nne huupitia ukuta ule ule na mti ule ule. Mnunuzi alilipia kumbukumbu mara mbili, akaitumia mara moja.

Kampuni ya 3dfx haikudumu. Mali yake ilinunuliwa na Nvidia, ambayo mwaka 2004 ilirudisha wazo hilo kwa jina lile lile la SLI, ingawa maana ya herufi hizo ilibadilishwa. Mwaka uliofuata kampuni ya ATI ikaleta mfumo wake wa CrossFire. Safari hii mistari ya skrini haikugawanywa. Njia iliyopendelewa zaidi ilikuwa ya kupokezana picha nzima: kadi ya kwanza huchora picha ya kwanza, kadi ya pili huchora ya pili, kisha ya kwanza hurudi kwa picha ya tatu, na kuendelea. Katika hesabu za matangazo, utaratibu huu ulipendeza sana, kwani idadi ya picha kwa sekunde ilikaribia kuwa maradufu katika michezo iliyoandaliwa kwa ajili yake. Jicho la mchezaji, hata hivyo, halihesabu wastani. Kadi mbili zinapotoa picha zake karibu pamoja, kisha zikanyamaza kitambo, kisha zikatoa tena mbili kwa mkupuo, mwendo huonekana ukikwaruza ijapokuwa idadi ni kubwa. Ni kama mabasi mawili ya njia moja yanayofuatana sako kwa bako: ratiba yasema kuna basi kila dakika kumi, na abiria kituoni amengoja ishirini.

Lakini kilichoua mfumo huo hasa si mkwaruzo. Ni mabadiliko katika namna ya kuchora kwenyewe. Kadiri miaka ilivyopita, watunga michezo walianza kutumia mbinu ambazo huichukua picha iliyotangulia na kuitumia kulainishia picha inayofuata. Mbinu hizo ni nzuri na huokoa kazi nyingi. Ila pale picha ya pili inapohitaji ya kwanza iwe imekwisha, kadi ya pili haina la kufanya isipokuwa kungoja, na baada ya kungoja ni lazima picha hiyo isafirishwe kutoka kadi moja hadi nyingine. Kazi iliyokuwa ikigawanyika ikaacha kugawanyika. Mwaka 2015 mfumo wa DirectX 12 wa Microsoft uliwaachia watunga michezo wenyewe jukumu la kuzigawia kadi kazi, na wengi wao hawakuona sababu ya kujitaabisha kwa ajili ya wanunuzi wachache. Kuanzia Januari 2021 Nvidia iliacha kuongeza michezo mipya katika orodha ya ile iliyoandaliwa kwa SLI. Katika kadi zake za michezo zilizotoka mwaka 2020, ni RTX 3090 peke yake iliyobakiziwa kiungo cha kuunganishia; katika kizazi cha mwaka 2022, hata RTX 4090 haikupewa.

Hapa ndipo imani ile ya pili ilipozaliwa. Watu waliona kiungo kimeondolewa, wakahukumu kwamba kadi mbili katika kompyuta moja hazina tena maana. Hukumu hiyo ni ya haraka. Kilichoshindwa ni jaribio la kuzifanya kadi mbili zijifanye kadi moja mbele ya programu isiyojua habari zao. Hilo ni jambo moja. Kuwa na kadi mbili ni jambo jingine.

Sheria inayotawala mambo haya ilielezwa na mhandisi Gene Amdahl mwaka 1967, kabla kadi za michoro hazijakuwapo. Tuseme kazi fulani huchukua saa kumi kwa kadi moja, na katika saa hizo moja hutumika kwa shughuli isiyogawanyika, kama vile kusoma data kutoka kwenye diski na kuipanga. Kwa kadi mbili, zile saa tisa huwa nne na nusu, na jumla ni saa tano na nusu. Kwa kadi nne, jumla ni saa tatu na robo. Kwa kadi tisa ni saa mbili. Hata zikinunuliwa kadi elfu, kazi haitakwisha kabla ya ile saa moja. Na hesabu hii ni ya ukarimu, maana haikuweka gharama ya kadi kuzungumza. Ndani ya RTX 3090, data husafiri kati ya kumbukumbu na vikokotozi kwa kasi ya gigabaiti 936 kwa sekunde. Kutoka kadi hiyo kwenda nje, kupitia nafasi yake kwenye ubao mkuu ambao mafundi huuita mazabodi, kasi ni takriban gigabaiti 32. Tena ubao wa kawaida, ukiwekewa kadi mbili, hugawa njia hizo nusu kwa nusu, zikabaki gigabaiti 16 kwa kila kadi. Kadi inayohitaji kuiuliza mwenzake kila mara hugeuka kuwa kama karani aliyeketi mezani na faili lake likiwa mjini.

Kwa upande mwingine, kazi ambayo haihitaji maulizano hustawi. Ushahidi ulitolewa na Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji. Watafiti wa huko walishughulikia tomografia, yaani ujenzi wa umbo la ndani la kitu kutokana na picha nyingi za eksirei zilizopigwa kutoka pande mbalimbali. Mwaka 2008 waliunda kompyuta ya mezani waliyoiita FASTRA, yenye vichakataji vinane vya michoro katika kadi nne, zile zile za kuchezea michezo zinazouzwa madukani. Gharama yake haikufika euro 4,000. Katika kazi yao ya tomografia, kompyuta hiyo ilishindana bila aibu na mtambo mkubwa wa chuo chao, uliokuwa umegharimu mamilioni ya euro. Siri yake haikuwa uchawi wowote. Umbo linalojengwa laweza kukatwa vipande, kila kadi ikapewa vipande vyake, na hakuna inayohitaji kumngoja jirani.

Mwaka uliofuata wakaunda FASTRA II, yenye vichakataji 13 vya michoro, iliyoweza kufanya hesabu trilioni 12 kwa sekunde kwa gharama isiyofika euro 6,000. Kisa cha mashine hii ni fundisho zuri kwa kila anayedhani kwamba kuongeza kadi ni kuchomeka tu. Kadi hazikuenea kwenye ubao kwa unene wake, ikabidi ziwekwe juu ya fremu na kuunganishwa kwa nyaya bapa zinazonyumbulika. Kisha kompyuta ikakataa kuwaka. Programu ya mwanzo, ile inayoiamsha kompyuta kabla ya kitu kingine chochote, hugawa anwani za kumbukumbu kwa kila kifaa, na anwani zilizokuwapo hazikuwatosha wageni wote hao. Ilibidi kampuni ya ASUS, iliyotengeneza ubao huo, iandike programu maalumu ya kuamshia, nao watafiti wakairekebisha Linux ili ifanye kazi ya kugawa anwani iliyoachwa.

Mfano mashuhuri zaidi ni wa Toronto, Kanada. Mwaka 2012 Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na mwalimu wao Geoffrey Hinton waliufundisha mtandao wa neva bandia kutambua vitu katika picha. Mtandao huo ulikuwa na vigezo milioni 60, na mafunzo yake yalitumia picha milioni 1.2. Kadi waliyokuwa nayo, GTX 580, ilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti tatu, na mtandao waliouhitaji haukuenea humo. Wakatumia kadi mbili. Jambo la kuzingatiwa ni jinsi walivyogawa. Hawakuziunganisha kadi ziwe moja. Waliukata mtandao nusu kwa nusu, wakaamua kwamba nusu hizo zitazungumza katika matabaka fulani tu, na katika matabaka mengine kila nusu itajitegemea. Mafunzo yalichukua siku tano hadi sita. Katika mashindano ya mwaka huo ya kutambua picha, kiwango chao cha makosa kilikuwa asilimia 15.3, ilhali cha aliyewafuatia kilikuwa 26.2. Sehemu kubwa ya kile kinachoitwa leo akili bandia imeota juu ya kazi hiyo iliyofanyika katika kompyuta ya mezani.

Kutoka Antwerp na Toronto yanapatikana matumizi mawili ya kadi ya pili, na ni vyema yasichanganywe. La kwanza ni kugawana kazi zisizohusiana. La pili ni kupata nafasi ya kuweka kile kisichoenea katika kadi moja. Wachimbaji wa sarafu ya Ethereum waliishi kwa lile la kwanza hadi Septemba 2022, wakipanga kadi sita au nane kwenye ubao mmoja, kila moja ikiwa na njia nyembamba kuliko zote. Kwao kadi hazikuwa na neno la kuambiana. Hayo yalikwisha, wala hayana haja ya kuliliwa.

Lile la pili ndilo lenye uzito kwa wachunguzi wa lugha. Julai 2023 kampuni ya Meta ilitoa modeli ya lugha iitwayo Llama 2, ambayo kubwa yake ina vigezo bilioni 70. Kila kigezo kikiandikwa kwa baiti mbili, modeli hiyo inadai gigabaiti 140, na hakuna kadi ya mezani iwezayo kuibeba. Vigezo vikisongwa hadi nusu baiti kila kimoja, kwa hasara ndogo ya usahihi, hubaki gigabaiti 35. Kadi moja ya gigabaiti 24 haitoshi. Mbili, zenye gigabaiti 48 kwa jumla, zinatosha. Matabaka 40 ya mwanzo huwekwa katika kadi ya kwanza na 40 ya mwisho katika ya pili. Kinachovuka kutoka moja hadi nyingine, kwa kila kipande cha neno, ni namba 8,192 tu, yaani takriban kilobaiti 16, mzigo ambao hata njia nyembamba huubeba bila taabu. Kasi haiongezeki, kwa sababu kadi moja hufanya kazi huku nyingine ikingoja. Lakini kazi isiyowezekana imewezekana, na kwa mtafiti tofauti hiyo ni kubwa kuliko ile ya kasi na kasi. Machi 2024 kikundi cha Answer.AI, pamoja na Tim Dettmers wa Chuo Kikuu cha Washington na watu wa Hugging Face, walionyesha kwamba modeli ya ukubwa huo yaweza hata kuongezewa mafunzo kwa kadi mbili za michezo zenye gigabaiti 24 kila moja.

Llama 2 ilifunzwa karibu yote kwa Kiingereza. Ni nani basi atakayeipima kwa Kiswahili, akaona inakosea wapi katika ngeli na katika vitenzi, na kuiongezea mafunzo kwa maandishi ya lugha hii, ikiwa wahadhiri wa Dar es Salaam na Nairobi wataambiwa kwamba kazi hiyo haiwezi kufanyika ila kwa mitambo ya kukodi? Wapo wanaodai kwamba, maadamu makampuni makubwa hutumia kadi kwa maelfu, mtambo wa kadi mbili ni kitu cha mchezo. Dai hilo linachanganya kuunda modeli kutoka mwanzo na kuichunguza iliyokwisha kuundwa. Kukodi kuna mahali pake, hasa kwa kazi kubwa ya mara moja. Lakini saa ya kukodi huhesabiwa pia mwanafunzi anapokosea, na mwanafunzi asiyeruhusiwa kukosea hajifunzi.

Kwa hiyo ushauri unaofaa kwa idara ndogo si kununua kadi nyingi mara moja. Inunuliwe kadi moja yenye kumbukumbu kubwa kadiri fungu linavyoruhusu, kwa kuwa kumbukumbu ndiyo inayokwisha kwanza. Iwekwe kwenye ubao wenye nafasi ya pili iliyo mbali kiasi cha kutosha, kwa maana kadi za siku hizi huwa na unene wa nafasi tatu, na kadi mbili zilizobanana hupumuliana hewa ya moto. Kisanduku cha kugawia umeme kiwe cha kadi mbili tangu mwanzo. Kadi ya pili inunuliwe pale itakapoonekana, kwa vipimo, kwamba ya kwanza inafanya kazi mchana na usiku, au kwamba pana modeli mahususi isiyoenea humo. Na ikisha kununuliwa, kwa siku za kawaida wapewe wanafunzi wawili, kila mmoja na kadi yake. Huo ndio mgawanyo usio na hasara yoyote ya mawasiliano. Ziunganishwe pale tu kazi inapodai.

Umeme nao uingizwe katika hesabu kabla ya kununua, si baada yake. Kompyuta ya kadi mbili inayokula wati 900 kwa siku sita mfululizo humaliza takriban yuniti 130, na takriban zote huishia kuwa joto chumbani, sawa na pasi ya umeme iliyoachwa ikiwaka usiku na mchana. Katika hili Afrika Mashariki ina nafuu moja isiyotajwa mara nyingi: soketi ya kawaida ya Marekani, ya volti 120 na ampea 15, hukomea wati 1,800, hali soketi ya pini tatu bapa itumiwayo Tanzania, Kenya na Uganda huweza kutoa karibu wati 3,000. Joto la pwani, kwa upande wake, halina nafuu. Dawa yake ni kuipunguzia kila kadi kiwango cha umeme kwa amri fupi ya programu; kasi hupungua kidogo tu kuliko inavyodhaniwa, na mashine hupoa.

Tena programu ya mafunzo iagizwe ihifadhi hali ya kazi kwenye diski kila baada ya nusu saa. Siku sita ni muda mrefu kwa umeme kukaa bila kukatika, na anayeanza upya siku ya tano kwa kukosa faili moja hatasaidiwa na kadi ya pili wala ya tatu.